Maswali ya Wasomaji: Magurudumu Pacha ya Nyuma Yakae Katikati na Yashike

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu pikapu za zamani za mizigo mizito, zile zenye matairi manne nyuma, mawili kila upande. Nimezipanga kuanzia ile yenye hatari kubwa zaidi, na kwa sababu hiyo jibu la kwanza ni refu kuliko mengine yote. Naomba wenye magari ya aina hii walisome hata kama swali si lao.

SWALI: Ndugu Fundi, salamu nyingi. Nina pikapu ya zamani yenye magurudumu pacha nyuma, rimu za chuma zenye matundu manane. Miezi miwili iliyopita nilitoa rimu zote sita, nikazikwangua kutu na kuzipaka rangi nzito ili zidumu. Tangu nilipozirudisha, gari linatikisika nyuma kila linapofika kilomita 70 kwa saa. Matairi yamefanyiwa balansi mara mbili, na mara zote mashine inasema yako sawa. Nati nilizikaza kwa bunduki ya upepo mpaka zikagoma kabisa. Juzi nimeona michirizi myekundu kama kutu ikitoka chini ya nati mbili za upande wa kushoto. Je, nitafute ubovu kwenye tairi, kwenye ekseli, au wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba kwanza usilipakie gari hilo mzigo wala usilipeleke safari ndefu kabla hujamaliza kazi nitakayoieleza hapa. Ile michirizi myekundu ni unga wa chuma unaosagika pale nyuso mbili zinaposuguana, na mvua au unyevu huugeuza kuwa kutu inayotiririka. Nati iliyobana sawasawa haina cha kusaga. Kwa hiyo gari lako limekwisha kukwambia lenyewe kwamba rimu za kushoto zinacheza, hata kama kwa mkono hutahisi chochote.

Mtikisiko na michirizi hiyo vina chanzo kimoja, nacho ni namna rimu zilivyorudishwa. Ili tuelewane, hebu tuangalie ni kitu gani hasa kinachobeba gurudumu. Wengi hudhani kwamba uzito wa gari unaning'inia kwenye bolti za gurudumu, zile ambazo mafundi wengi huziita stadi. Sivyo inavyotakiwa kuwa. Kazi ya stadi ni kubana. Ukiikaza nati, stadi inavutika kama springi ngumu sana, nayo inapotaka kurudi kwenye urefu wake inazibana rimu mbili pamoja na kuzikandamiza kwenye uso wa habu, yaani kile kitovu cha chuma mwishoni mwa ekseli ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Stadi ya unene wa inchi 9/16, ambayo ndiyo iliyotumika katika pikapu nyingi za Marekani za miaka ya 1980 na 1990, ikikazwa kwa nguvu ya takriban Nm 190 (Nm ni newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha nati) hubana kwa uzito unaokaribia tani 6, na zote nane kwa pamoja hukaribia tani 50. Mbano huo ndio unaozifanya nyuso za chuma zishikane kwa msuguano, na msuguano ndio unaobeba mzigo, ndio unaopokea breki, ndio unaosukuma gari mbele. Mbano ukipungua, rimu huanza kuteleza kidogo kila gurudumu linapozunguka, stadi zikawa zinapindwa na kunyooshwa mamia ya mara kwa kila kilomita, na chuma kinachopindwa hivyo hukatika hata kama ni kinene.

Sasa fikiria rangi yako. Stadi ya aina hiyo inapokazwa kikamilifu huvutika kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ndio mvutiko wote ulio nao. Katika magurudumu pacha kuna nyuso kadhaa zinazokutana: habu au dramu ya breki na rimu ya ndani, rimu ya ndani na rimu ya nje, kisha rimu ya nje na nati. Ukipaka rangi nzito pande zote, kila tabaka litapondeka na kusagika kadiri gari linavyotembea, na tabaka hizo zikipungua kwa unene wa karatasi moja tu, mvutiko wa stadi unakuwa umekwisha, ilhali nati haijazunguka hata robo. Ndiyo maana mtu anaweza kuapa kwamba nati zake hazijalegea, na akawa anasema kweli, huku gurudumu likiwa halibanwi tena.

Kwa hiyo zitoe rimu zote nne za nyuma, na uiondoe rangi kwenye mduara wote unaozunguka matundu ya stadi, mbele na nyuma ya rimu, mpaka chuma kionekane. Ukingo wa nje na sehemu nyingine zote ziache na rangi yake nzuri. Uso wa habu usugue kwa brashi ya waya, na hasa pembeni kabisa ya kila stadi, mahali ambapo brashi haifiki vizuri na kutu hujenga kijilima kidogo kinachoizuia rimu kulala. Wakati rimu ziko nje, kagua matundu yake mchana kweupe. Tundu lililokuwa duara likiwa limekuwa na umbo la yai, au kukiwa na ufa mwembamba kama unywele unaotoka tundu moja kwenda jingine, rimu hiyo imemaliza kazi yake. Usiichomelee. Nasema hivi nikijua bei ya rimu inauma, lakini ufa uliochomelewa mahali hapo utapasuka tena pembeni ya uchomeleaji, na safari hiyo hautakuonyesha michirizi kwanza.

Sasa niingie kwenye mtikisiko. Unashangaa kwa nini mashine ya balansi haioni kitu. Mashine huishika rimu kwa kitovu chake yenyewe, kwa kawaida kupitia tundu kubwa la katikati, kwa hiyo inapima tairi na rimu tu. Kama rimu imefungwa kwenye gari ikiwa imekaa pembeni kwa milimita moja au mbili, kosa hilo linabaki kwenye gari. Ukitoa gurudumu na kulipeleka kwenye mashine, kosa linatoweka, na ukilirudisha vilevile, linarudi. Unaweza kulipia balansi kumi na usipate nafuu.

Ili rimu ikae katikati, lazima ujue katikati hiyo inaamuliwa na nini, na hapa pikapu za zamani zinagawanyika mara mbili. Kuna zile ambazo habu ndiyo inayoishika rimu: tundu la katikati la rimu linavaa juu ya mdomo wa habu kwa kubana vizuri, na nati zake zina kitako bapa chenye washa, yaani pete bapa ya chuma, inayozunguka peke yake. Halafu kuna zile ambazo stadi na nati ndizo zinazoivuta rimu katikati: tundu kubwa la katikati ni pana kuliko habu na halishiki kitu, lakini kila tundu la stadi limetanuliwa kama mdomo wa faneli, na nati ina kichwa cha koni au cha mviringo kinachozama humo. Usibahatishe. Ingiza rimu bila nati na uitikise kwa mikono miwili. Ikikaa kimya juu ya habu, ni ya aina ya kwanza. Ikicheza juu, chini na pembeni, ni ya aina ya pili.

Kwa maelezo yako ya bunduki ya upepo, nahisi gari lako ni la aina ya pili, kwa sababu aina hiyo ndiyo inayoadhibu haraka haraka ya namna hiyo. Nati ya kwanza ikipigwa mpaka ikagoma, koni yake inaivuta rimu upande wake na kuifunga hapo hapo. Nati saba zinazofuata zinakuta rimu imekwisha kukamatwa. Zinakaza, zinagoma, fundi anaridhika, kumbe baadhi yake zinagusa ubavu mmoja tu wa tundu. Rimu imekaa pembeni, na nati zilizogusa nusu zitakuwa za kwanza kupoteza mbano. Hapo ndipo mtikisiko wako na michirizi yako vinapokutana.

Fanya hivi. Weka kuni au mawe mbele ya magurudumu ya mbele, inua ekseli kwa jeki na uiegemeze juu ya stendi imara. Ingiza rimu ya ndani, kisha ya nje, matundu ya mkono yakiwa yamelingana ili uweze kuifikia valvu ya tairi la ndani, na valvu mbili zikae pande zinazotazamana. Kama gari lako lina pete ya chuma inayokaa kati ya nati na rimu ya nje, irudishe mahali pake. Ipo ili kusambaza mbano, wala si pambo. Anza nati zote nane kwa vidole. Kisha, ukiwa unalitikisa gurudumu taratibu kwa mkono mmoja, kaza kwa spana fupi, kidogo kidogo, kwa kuvuka upande wa pili kila mara. Ukizihesabu nati kwa mzunguko kuanzia iliyo juu, mpangilio ni huu: 1, 5, 3, 7, 2, 6, 4, 8. Pitia mpangilio huo mara ya kwanza kwa kugusisha tu, mara ya pili kwa Nm 70 hivi, kisha usimame.

Kabla ya kuendelea, chukua waya mgumu au kipande cha ubao, kiegemeze kwenye tofali karibu na ukingo wa rimu ya nje kwa pengo la upana wa sarafu, kisha lizungushe gurudumu polepole kwa mkono na ulitazame pengo. Likibaki sawa mzunguko mzima, umefika katikati. Likipanuka na kusinyaa, weka alama ya chaki mahali linaposinyaa zaidi, legeza nati zote, sukuma rimu kutoka upande wa alama, na urudie. Fanya vivyo hivyo kwa rimu ya ndani kwa kupitisha waya kutoka nyuma, maana mara nyingi hiyo ndiyo iliyokosea na watu hawaitazami. Mimi nikiona tofauti inayozidi milimita 2 kwenye ukingo wa rimu iliyonyooka, siendelei. Rimu za chuma za zamani haziwi kamilifu, lakini tofauti ya milimita moja hadi moja na nusu ni ya kawaida na gari litatulia.

Mbano wa mwisho uufanye kwa spana ya torki, ile inayoonyesha nguvu unayokazia, tairi likiwa limegusa ardhi kiasi cha kutozunguka tu. Fuata namba ya kitabu cha gari lako. Kwa pikapu nyingi za aina hii utakuta kitu kati ya Nm 190 na Nm 225, yaani pauni-futi 140 hadi 165. Bunduki ya upepo itumie kufungulia. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapochoka, rudi na spana ya torki baada ya kilomita 160 za kwanza, na tena baada ya kilomita 800. Magurudumu pacha yana nyuso nyingi kuliko gurudumu moja, kila uso unajipanga kidogo safari za mwanzo, na nati itakubali kukazwa zaidi bila wewe kuwa umekosea chochote.

Kama unataka kujiridhisha zaidi, paka chaki ya rangi kwenye uso wa habu kabla ya kufunga, kaza mpaka Nm 70, kisha fungua uangalie nyuma ya rimu ya ndani. Chaki ikiwa imehamia mduara mzima, nyuso zinalala pamoja. Ikiwa imehamia vipande viwili vitatu tu, rimu imepinda au kuna kutu uliyoiacha.

SWALI: Ndugu Fundi, gari langu ni kuukuu zaidi, na kila stadi yake ina nati mbili. Ya ndani ni ndefu kama kikombe, ina nyuzi ndani na nje. Ya nje inafungwa juu ya hiyo. Karakana niliyokwenda walikaza nati za nje tu na kuniambia inatosha. Moyo wangu haujatulia.

JIBU: Ndugu msomaji, moyo wako una haki. Katika mfumo huo, nati ya kikombe ndiyo inayoibana rimu ya ndani kwenye habu, na nati ya nje inaibana rimu ya nje juu yake. Ni kazi mbili tofauti. Rimu ya ndani ikilegea, nati ya nje huwezi kuiamini hata ukiikaza namna gani, kwa sababu unaibana rimu ya nje juu ya kitu kinachocheza. Tena mbaya zaidi, ukiikaza nati ya nje peke yake unaweza ukawa unaivuta nati ya kikombe kutoka kwenye rimu ya ndani badala ya kuisaidia.

Wakati wa kufunga upya, rimu ya ndani inawekwa peke yake, inawekwa katikati na kukazwa mpaka namba kamili kwa nati za vikombe, kama kwamba rimu ya nje haipo. Izungushe, uipime kwa waya, ujiridhishe. Hapo ndipo rimu ya nje inapoingia na kukazwa kwa nati zake kwa mpangilio uleule wa kuvuka. Kukagua baadaye hakuhitaji kulitoa gurudumu. Legeza nati za nje kwa kuruka moja moja, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Kaza nati za vikombe zilizo chini yake. Kisha rudisha mbano wa zile za nje. Baada ya hapo hamia kwenye nne zilizobaki. Kwa njia hii gurudumu halibaki hata dakika moja bila kushikwa na nusu ya nati zake.

Niongeze tahadhari moja. Malori makubwa yenye mfumo wa nati mbili hukazwa kwa Nm 610 hadi 680, na namba hiyo imeandikwa sehemu nyingi kiasi kwamba watu huichukua na kuipeleka kwenye pikapu. Stadi zake ni nene kuliko zako. Soma kitabu cha gari lako mwenyewe, au pima unene wa stadi kabla ya kukubali namba ya mtu.

SWALI: Je, nyuzi za stadi zipakwe grisi ili zisishike kutu?

JIBU: Grisi hapana. Spana ya torki inapima ugumu wa kuzungusha, na haina namna ya kujua stadi imevutika kiasi gani. Ukilainisha nyuzi na koni ya nati, spana itafika namba yake huku stadi ikiwa imevutwa kupita kiasi, na stadi iliyovutwa hivyo hairudi tena kuwa springi. Kwa nati za koni, safisha nyuzi kwa brashi ya waya, zifunge zikiwa kavu. Kwa nati za kitako bapa zenye washa inayozunguka hali ni tofauti: tone moja au mawili ya mafuta ya injini kwenye nyuzi za mwisho za stadi, na tone moja kati ya nati na washa yake, ili washa itulie juu ya rimu na nati izunguke juu ya washa. Mafuta hayo yasifike kati ya washa na rimu, wala kati ya rimu na habu. Nati ambayo washa yake imeganda na haizunguki tena kwa vidole ibadilishwe.

SWALI: Ndugu Fundi, nimevunja stadi mbili za upande wa kushoto nikijaribu kufungua nati. Upande wa kulia zilifunguka bila shida. Nimekosea wapi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Yaelekea ulikuwa unakaza. Baadhi ya magari ya zamani yana nyuzi za kinyume upande wa kushoto, ambazo hufunguka kwa kuzungusha nati kuelekea mkono wa saa. Waliozitengeneza walitaka mzunguko wa gurudumu usiwe unailegeza nati. Futa uchafu kwenye ncha ya stadi na utafute herufi L iliyogongwa hapo. Upande wa kulia utakuta R au hakuna kitu. Nati zake nazo mara nyingi zina alama. Kwa kuwa gari limepita mikono mingi, kagua kila stadi kwa nafsi yake, maana nimewahi kufungua gurudumu moja lenye aina zote mbili zikiwa zimechanganywa na mtu aliyekuwa anabadilisha stadi zilizokatika.

Kuhusu zile mbili zilizovunjika, usiishie kubadilisha hizo tu. Stadi ikikatika, jirani zake wa pande zote mbili wamekwisha kubeba mzigo wake, kwa hiyo nao hutolewa. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, badilisha zote nane pamoja na nati zake. Stadi mpya iingizwe kwa kusukumwa na mashine ya kubonyeza au nyundo na nondo, habu ikiwa imeegemezwa vizuri. Kuivuta kwa kukaza nati ya gurudumu kunaimaliza nguvu kabla haijafanya kazi hata siku moja.

SWALI: Ndugu Fundi, nimepata rimu nne za mtumba za magurudumu pacha, matundu manane, zinazofanana kabisa na zangu kwa macho. Zinaingia kwenye stadi lakini kwa kusukuma kidogo. Nizinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, huko kusukuma kidogo ndiko kunakonitia wasiwasi. Matundu manane si kipimo. Kwa miaka mingi pikapu za mizigo mizito za Ford, Dodge na General Motors zilitumia duara la matundu lenye kipenyo cha inchi 6.5, yaani milimita 165.1. Kwa modeli za mwaka 1999, Ford ilipoleta Super Duty, jamii yake mpya ya pikapu za mizigo mizito, ilihamia milimita 170. Magurudumu pacha ya F-350, mojawapo ya pikapu hizo, yakahamia tena milimita 200 kwa modeli za mwaka 2005, na General Motors ikaenda milimita 210 kwa magurudumu pacha ya modeli za mwaka 2011. Za milimita 200 na 210 huwezi kuzikosea kwa sababu hazitaingia kabisa. Hatari iko kati ya 165.1 na 170, ambazo kwa jicho ni kitu kimoja. Tofauti yake haifiki milimita 5 kwenye kipenyo, ikimaanisha kila tundu linapishana na stadi yake kwa milimita mbili na nusu hivi, na mtu mwenye spana ndefu anaweza kulazimisha nati za koni zikaingia. Stadi zake zitakuwa zimepindwa zikiwa bado ziko kwenye karakana.

Kupima matundu manane ni rahisi, kwa kuwa kila tundu lina mwenzake anayelitazama moja kwa moja. Weka rula ya chuma kutoka ukingo wa kushoto wa tundu moja mpaka ukingo wa kushoto wa tundu la upande wa pili, ukipita katikati kabisa, na kipimo hicho ndicho kipenyo cha duara. Pima mara tatu kwa matundu tofauti.

Ukimaliza, angalia namna matundu yalivyokatwa na tundu la katikati lilivyo. Rimu ya matundu bapa, iliyotengenezwa kushikwa na habu, ikifungwa kwa nati za koni, inagusana na nati kwenye mstari mwembamba tu wa ukingo wa tundu; mstari huo unamezwa na koni safari chache, na mbano unakwisha. Ukifanya kinyume chake, yaani nati bapa juu ya tundu la faneli, rimu haina cha kuiweka katikati. Pia hesabu nyuzi: rimu zenye bamba nene, na hasa za aluminiamu, zinakula urefu wa stadi. Nyuzi zinazoingia ndani ya nati zisipungue unene wa stadi yenyewe, yaani milimita 14 kwa stadi ya milimita 14. Kipimo kimoja katika hivi kikikataa, mrudishie muuzaji rimu zake.

SWALI: Matairi yangu mawili ya upande mmoja yanagusana mbavuni nikipakia. Nati nimekaza vizuri kama ulivyowahi kueleza. Je, niongeze upepo tu?

JIBU: Upepo mdogo ni sababu mojawapo, na tairi la ndani ndilo linalosahaulika, kwa hiyo lipime kwa geji ndefu, tena asubuhi kabla ya safari. Lakini kama upepo uko sahihi na bado yanagusana, basi ama matairi ni mapana kuliko rimu zilivyokusudiwa, ama rimu moja si ya gari hilo na umbali kati ya pacha umepungua. Usiweke vipande vya bamba kati ya rimu ili kuyatenganisha. Kila bamba utakaloongeza ni nyuso mbili mpya za kusagika, na stadi zako hazikuongezeka urefu.

Hakikisha pia kwamba matairi hayo mawili yana kimo kimoja. Yakipishana kipenyo kwa zaidi ya milimita 6, lile kubwa linabeba mzigo wa wote wawili na lile dogo linaburutwa, kwa sababu yamefungwa pamoja na lazima yazunguke sawasawa. Zungushia kamba kila tairi likiwa limejazwa upepo na bila mzigo, kisha linganisha urefu wa kamba. Tofauti isizidi milimita 19. Kama inazidi, tafuta mwenzake wa kimo hicho kutoka upande wa pili wa ekseli kabla ya kununua jipya, na ukishabadilishana, kumbuka kwamba sasa umefungua magurudumu ya pande zote mbili, kwa hiyo kilomita 160 na 800 za kukagua nati zinaanza kuhesabiwa upya kwa yote manne.